Nyumba ya Safari: Tuchague Ramani Ipi?

Tumepokea barua ya ndugu mmoja akaaye Bomang'ombe, wilayani Hai, na kwa kuwa aliyoyauliza yawahusu wengi, tumeona tumjibu katika ukurasa huu ili faida ienee. Ndugu huyu ana gari imara, na fundi wa kuchomelea vyuma yu tayari kumtengenezea trela la kulala, apate kutoka na ahali zake wakati wa likizo za shule, mwezi wa Juni na Desemba: mara kwenda kwenye chemchemi ya Chemka upande wa Rundugai, mara kupanda Siha penye baridi, na mara kushuka Tanga kwa jamaa zake. Nyumbani mwake wamo watu saba: yeye na mkewe, mama yake mzazi aliyetimiza miaka sabini, binti wa miaka 13, mwana wa miaka 11, mwingine wa miaka 7, na kitinda mimba wa miaka 3. Fundi amemchorea ramani tatu, naye auliza achague ipi. Mwisho wa barua ameongeza neno lililotufanya tuisome tena tangu mwanzo: kwamba mama yake, alipoonyeshwa michoro, alisema, "Nendeni nyinyi, mimi nitalinda nyumba."

Kabla ya jibu, twampongeza. Wako watu wadhanio kwamba kutoka na watoto kwenda kuona maji na milima ni upuuzi usiomfaa mtu wa dini. Sivyo. Katika Surat An-Nahl, aya ya 80, Mwenyezi Mungu atukumbusha neema zake, na miongoni mwazo azitaja nyumba zitokanazo na ngozi za wanyama, ambazo watu huziona nyepesi siku ya kuondoka kwao na siku ya kutua kwao. Basi hema ni neema. Tena na tuangalie kwamba limeitwa nyumba. Na likiwa ni nyumba, ijapo kwa usiku mmoja tu, adabu zote za nyumba huingia pamoja nalo: sitara, heshima kwa mzee, sala kwa wakati wake, na hadhari ya moto. Huu ndio mzizi wa jibu letu lote.

Waliotutangulia walilijua jambo hili vizuri. Mabedui wa Arabuni, ambao hema lao la nywele za mbuzi hukunjwa likapakiwa juu ya ngamia, hawakuliacha wazi kama ghala; hulikata kwa pazia, upande mmoja wa wanaume na wageni, upande wa pili wa wenyewe na jiko lao. Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa ziwe na daka mlangoni, kisha njia ya kuingilia ikapindishwa, ili apitaye barabarani asione uani hata mlango ukiwa wazi. Wala tusiende mbali: jirani zetu Wamasai, ambao mifugo yao yaonekana kila siku katika nyanda za chini ya Bomang'ombe, hujenga nyumba ndogo ya fito na samadi ambayo mwingilio wake hupinda, hata asimamaye nje asiyaone malazi. Watu watatu wasiofanana kwa nchi wala kwa maisha, na wote walianza kwa swali moja: nani atamwona nani? Hesabu ya vitanda ilikuja baadaye.

Sasa tuzitazame ramani za fundi.

Ramani ya kwanza ni ya trela la turubai lenye mbawa mbili. Likifika kambini, kitanda kimoja hufunguka mbele na cha pili nyuma, kila kimoja kikiwa juu kiasi cha mita moja kutoka chini; na katikati hubaki sakafu yenye meza na viti. Wazazi hulala ubawa wa mbele, na watoto wote wanne ubawa wa nyuma. Bibi atatandikiwa juu ya viti.

Ramani ya pili ni ya trela lenye kuta ngumu, lenye urefu wa kiasi cha mita 4, na mlango ubavuni, katikati. Kitanda cha wazazi kiko mbele, vitanda vya ghorofa, vile viitwavyo dabodeka, viko nyuma, na baina yao pana jiko na meza ambayo hushushwa ikawa kitanda.

Ramani ya tatu ni ya trela dogo la kubebea vyombo, lenye hema juu ya mgongo wake ambalo hupandwa kwa ngazi, na hema jingine kubwa lililoungwa ubavuni na kufika chini. Wazazi watalala juu, na wengine wote chini.

Fundi, kama ilivyo kazi yake, amehesabu vichwa, na kila ramani inawaenea watu saba. Lakini sisi tutazipima kwa mizani nyingine.

Mizani ya kwanza ni malazi. Mtume (S.A.W.) ametuelekeza tuwaamrishe watoto sala wafikapo miaka 7, na wafikapo miaka 10 tuwatenge katika malazi, hadithi hii imo katika Abu Daud. Na katika Surat An-Nur, aya ya 58, watoto wasiobaleghe wameamrishwa wabishe hodi nyakati tatu: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wavuapo nguo zao, na baada ya sala ya isha. Sasa tuulize: katika ramani ya kwanza, binti wa miaka 13 na nduguye wa miaka 11 watatengwa vipi, nao wamewekewa kitanda kimoja? Na hodi itabishwa wapi, ikiwa baina ya wazazi na watoto hapana hata pazia? Haisemwi kwamba ni usiku mmoja tu. Adabu iachwayo usiku mmoja hurudi nyumbani imeachwa. Ramani hii yaweza kuwafaa mume na mke wenye watoto wachanga wawili. Kwa nyumba ya ndugu yetu, haifai.

Mizani ya pili ni sala. Kusimama katika sala ya faradhi ni nguzo kwa awezaye kusimama. Basi trela ambalo dari yake humlazimisha mtu mzima kuinama ni mahali pa kulala tu. Mvua ikinyesha wakati wa magharibi, watu watasali wapi? Wasafiri wa Tanga, kwa kuwa safari yao yapita mbali mpaka wa kilometa 80 na kitu utajwao na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, wana ruhusa ya kupunguza na kukusanya. Lakini aendaye Chemka kutoka Bomang'ombe hajasafiri safari hiyo. Atasali kamili, kila sala kwa wakati wake, na lazima pawepo pa kusalia. Kwa hiyo twashauri, kwa ramani yoyote, dari ya ndani isiwe chini ya mita 2, na ubavuni mwa trela pafungwe kipenu cha turubai chenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 4. Hapo baba atasimama mbele, wanawe nyuma yake, na wanawake safu ya mwisho, wala hapatakuwa na msongamano. Mlango ukiwa upande wa kushoto, ambao kwetu ndio upande wa ukingo wa barabara, na trela likiegeshwa pua yake kusini, kipenu kitaangukia mashariki: jua la alasiri litazuiwa na trela lenyewe, na urefu wa kipenu utaelekea kibla.

Na hapa tuseme neno juu ya kibla, kwani wengi hukosea. Katika nchi ya Kilimanjaro, Makka iko kaskazini, ikielekea mashariki kidogo, kiasi cha digrii 6 tu. Aliyezoea kukaa Moshi mjini huona kilele cha Kibo kiko kaskazini yake, akashika mazoea kwamba kuelekea mlima ni kuelekea kibla. Mazoea hayo yamfaa akiwa Moshi. Akifika Bomang'ombe, Kibo kimekwisha kumwendea kaskazini-mashariki; akipanda Sanya Juu, kinazidi kumwendea mashariki; na akizunguka mpaka Rongai, upande wa pili wa mlima, akielekea Kibo atakuwa ameipa kibla mgongo. Mlima haukuhama, aliyehama ni yeye. Basi katika sanduku la vyombo vya safari pawekwe dira ndogo, na kijana mmoja apewe kazi ya kuitumia.

Mizani ya tatu ni mzee. Mtu wa miaka sabini huamka usiku, pengine mara mbili, kwa haja au kwa tahajudi. Ramani ya kwanza yamlaza katikati ya njia, juu ya viti, kila apitaye amruke. Ramani ya tatu yamlaza chini kabisa, kwenye ubaridi wa ardhi, mahali ambapo kuinuka ni taabu kwa magoti yake. Katika michoro yote mitatu Bibi amewekwa mahali palipobaki baada ya wengine kupangiwa. Ndugu yetu na ayasikilize tena maneno ya mama yake. Hakusema kwamba hapendi safari. Ameitazama michoro, akajitafuta ndani yake, asijione. Wazee wetu hawana desturi ya kudai. Husema watalinda nyumba. Basi twamwomba achukue ramani aliyoichagua, na kabla ya kuandika kitanda cha mtu yeyote, aandike kwanza kitanda cha mama yake: kiwe cha chini lakini si cha ardhini, urefu wa goti, karibu na mlango, pana kishikio ukutani na taa ndogo ya mkononi, na ngazi ya mlango iwe pana, ya vidato viwili vifupi. Kisha amwonyeshe.

Mizani ya nne ni moto, na hapa pana uhai wa watu. Mtume (S.A.W.) amekataza kuacha moto ukiwaka ndani ya nyumba watu walalapo, hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Apandaye kutoka Bomang'ombe kwenda Siha na kuendelea juu huipata baridi upesi, kwa kuwa kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto kwa kiasi cha digrii 6. Na mwezi wa Juni ndio mwezi wa baridi. Hapo mtu hushawishika kuliingiza ndani jiko la mkaa, akafunga madirisha, akawafunika watoto. Mkaa uwakao mahali palipofungwa hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, wala haimwamshi aliyelala. Hushika mahali pa hewa njema katika damu, na mtu hutoka usingizini kwenda kwenye mauti. Hata makaa yaliyofifia na kufunikwa jivu huitoa. Kwa sababu hii ramani ya pili ina kosa moja kubwa, nalo ni jiko kuwekwa ndani. Jiko na litolewe nje, chini ya sanduku lifungukalo, na mtungi wa gesi ukae nje pia. Baridi na izuiliwe kwa mablanketi, soksi, na chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa.

Mizani ya tano ni njia yenyewe. Maji ni mazito: madumu matano ya lita 20 ni kilo 100. Ukiyaweka yote mkiani, pua ya trela huinuka, na gari likishika mwendo katika barabara kuu ya Moshi na Arusha, trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki, hata dereva akashindwa kulizuia. Vitu vizito vikae chini, juu ya ekseli, na uzito uelemee mbele kidogo. Ramani ya tatu, yenye hema mgongoni, huyumba zaidi kwa kuwa imebeba uzito juu. Tena mlango wa ubavuni ni bora kuliko wa nyuma, maana trela likienda huvuta vumbi kwa nyuma yake, na njia ya kushuka Chemka ni ya vumbi. Taa za nyuma zifanye kazi, trela liandikishwe kama sheria itakavyo, na asipande mtu ndani yake liendapo, hata kwa mwendo mfupi.

Kwa mizani hizi tano, sisi twaipendelea ramani ya pili, lakini si kama ilivyochorwa. Jiko litoke nje. Pazia zito lifungwe kila upande wa nafasi ya katikati, ili chumba cha mbele na cha nyuma viwe vyumba kweli, na hodi iwe na mahali pa kubishwa. Wazazi na mtoto wa miaka 3 walale mbele. Nyuma, Bibi ashike kitanda cha chini na binti kile cha juu. Kila mmoja atamfaa mwenzake usiku. Wana wawili walale chini ya kipenu kilichofungwa pande zote, kila mmoja kwa tandiko lake, karibu na sauti ya baba yao. Lakini penye baridi kali, au penye wanyama wa mwituni kama nyanda za Kilimanjaro Magharibi wapitapo tembo, turubai si ukuta: hapo wataingia ndani, mmoja alale juu ya meza iliyoshushwa, wa pili juu ya godoro sakafuni, na mapazia yafungwe. Madirisha yote yawe na wavu, na kila kitanda kiwe na kulabu ya chandarua, kwani huko bondeni kwenye maji mbu hawakosekani.

Je, kama fedha haitoshi? Ndugu yetu hakutuambia hali ya mfuko wake, ila wengine wasomao ukurasa huu wataka kujua. Trela si faradhi, wala haifai kukopwa kwa riba ili watoto wapate kuogelea. Hema mbili za kawaida na kipenu kimoja baina yake huzitimiza mizani zote tulizozitaja, na hubebeka juu ya gari la kukodi. Mwenye kununua ajihadhari na hesabu ya dukani: hema liitwalo la watu 6 huwa limempa kila mtu upana wa kiasi cha sentimita 60 tu, bila mahali pa begi wala viatu, watakaotulia humo ni watu wanne. Na Bibi anunuliwe kitanda cha kukunja.

Tena, kabla ya kumpa fundi senti moja, na wafanye jambo dogo lisilogharimu kitu. Wachukue majivu ya jikoni, wachore ramani uani kwa vipimo vyake kamili, mlango mahali pake, vitanda mahali pake. Kisha watu saba waingie humo jioni moja baada ya isha: watandike, wapite, mmoja ajifanye aamka usiku kwenda haja. Majivu hayana hila. Palipobanwa patajulikana hapo hapo, na kufuta mstari wa jivu ni rahisi kuliko kukata chuma kilichokwisha kuchomelewa.

Zimebaki adabu za kutua. Mtume (S.A.W.) amewakataza wasafiri kulala juu ya njia usiku, kwa sababu ndipo wapitapo wanyama na wadudu wenye kudhuru. Amekataza pia kufanya haja mahali pa watu kuteka maji, na njiani, na penye kivuli kitumiwacho na watu. Aliyefika Chemka, akayaona yale maji ya uvuguvugu, maangavu hata chini kuonekane, yamezungukwa na mitini, atatambua kwamba hadithi hii kana kwamba imesemwa kwa ajili ya mahali pale. Sabuni isitiwe majini, taka zirudi na mwenyewe, na wanawake wetu wachaguliwe saa ya asubuhi mapema, kabla watu hawajajaa, wapate nao kuoga kwa sitara yao. Na mfikapo, someni ile dua ya kujikinga kwa maneno ya Mwenyezi Mungu yaliyotimia. Mdogo wenu aweza kuihifadhi kabla ya kufika.

Nanyi vijana, msiiachie safari mikononi mwa baba na mama. Mmoja ashike dira, mmoja aadhini, mmoja ateke maji ya udhu ya Bibi kabla hajayaomba. Imo katika Bukhari kwamba mwenye kuadhini nyikani na ainue sauti, kwani hakuna kitakachoisikia, awe mtu au jini au kitu chochote, ila kitamshuhudia Siku ya Kiyama. Basi sauti ya mwana wa miaka 11 ikipanda alfajiri kutoka chini ya turubai, mlima nao waisikia.

Ndugu yetu wa Bomang'ombe, rekebisha ramani ya pili kama tulivyoeleza, kisha mpelekee mama yako kabla hujampelekea fundi. Umwonyeshe kitanda chake. Akisema tena kwamba atalinda nyumba, muulize ni kitu gani kimepungua, ukiongeze. Nyumba ya Bomang'ombe ina kufuli. Yeye ndiye mwenye kuhitajiwa safarini.

Wabillahi t-tawfiq.